Mbao za Brussels

Mwaka 1919, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikiiunguza Urusi, kanali mmoja wa mizinga aliyeitwa Fyodor Izenbek aliingia na askari wake katika jumba la kabaila lililokwisha kuporwa, upande wa kusini, katika eneo la Kharkiv. Wenye jumba walikuwa wameuawa. Katika maktaba, vitabu vilikuwa vimetapakaa sakafuni, vimechanwa na kukanyagwa kwa mabuti. Katikati ya uharibifu huo Izenbek aliona mbao za kale zilizochongwa alama za ajabu. Akaamuru zitiwe guniani. Jeshi lake, lile la Weupe waliopigana na Wabolsheviki, liliposhindwa, gunia hilo lilivuka mipaka pamoja naye hadi Brussels, Ubelgiji.

Hivyo ndivyo kisa kinavyosimuliwa, na msimuliaji wake ni mmoja tu: Yuri Mirolyubov, mkimbizi wa Kirusi aliyeishi Brussels na kupenda mno mashairi, ngano na habari za miungu ya kale. Kwa maelezo yake, alizijua mbao hizo katikati ya miaka ya 1920, akakaa nazo kwa takriban miaka 15 akizinakili herufi kwa herufi. Izenbek hakumruhusu kuzitoa nje ya nyumba. Agosti 1941, Ubelgiji ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Izenbek alifariki dunia. Mbao zikatoweka. Kilichobaki ni nakala, nayo ilikuwa mikononi mwa Mirolyubov.

Kutokana na nakala hiyo kilizaliwa kitabu ambacho leo kwa maelfu ya watu katika Urusi, Ukraine na nchi jirani kina heshima ya maandiko matakatifu. Kinaitwa Kitabu cha Veles, kwa jina la mungu wa kale wa mifugo. Kinasimulia safari za mababu wa Waslavi tangu karne nyingi kabla ya Kristo: kutoka nchi ya mito saba huko mashariki, kupitia utumwa chini ya mfalme wa Babeli, hadi kwenye nyika za mto Dnieper. Kinasifu miungu, kinalaani maadui, na kinadaiwa kuandikwa na makuhani wa kipagani katika karne ya 9, kabla Ukristo haujaingia Kyiv. Kama madai hayo yangekuwa ya kweli, hiki kingekuwa kitabu cha thamani kuliko vyote vilivyoandikwa na Waslavi.

Lakini ni cha kughushi. Namna wataalamu walivyolithibitisha hilo inastahili kusimuliwa polepole, maana inaonyesha jinsi ukweli wa kale unavyoweza kutenganishwa na uongo hata pale ambapo ushahidi wenyewe umepotea.

Picha moja

Habari za mbao zilitangazwa kwanza San Francisco mwaka 1953, katika jarida la wakimbizi wa Kirusi lililoitwa Zhar-Ptitsa. Aliyezitangaza alikuwa Aleksandr Kurenkov, aliyetumia jina la A. Kur, mwanajeshi wa zamani aliyeamini kwamba asili ya Warusi ni Mesopotamia. Kati ya 1957 na 1959 jarida hilo lilichapa maandishi yenyewe kipande kwa kipande. Huko Australia akajitokeza mtetezi mwingine, Sergei Paramonov, mtaalamu wa nzi aliyeheshimika katika fani yake ya wadudu. Kwa jina la kalamu la Sergei Lesnoy aliandika juu ya historia ya Urusi, na ni yeye aliyekipa kitabu jina la Veles.

Lesnoy alitaka Moscow ikubali. Akatuma picha ya ubao mmoja kwa wataalamu wa Kisovieti, na picha hiyo ikafika mezani kwa Lidia Zhukovskaya, mtaalamu wa maandishi ya kale ya Kislavi. Mwaka 1960 alichapisha majibu yake katika jarida la isimu la Moscow. Kwanza, picha haikuonyesha ubao. Ilionyesha mchoro uliochorwa juu ya karatasi kisha ukapigwa picha. Pili, mwandiko ulikuwa wa kutia shaka: herufi zinazofanana na za Kisirili, ila zimening'inizwa chini ya mstari kama maandishi ya Kihindi. Tatu, lugha haikuwa ya karne ya 9. Sauti ambazo Waslavi wote walikuwa bado nazo wakati huo zilikuwa zimechanganywa na sauti zilizozaliwa karne nyingi baadaye.

Mirolyubov alifariki mwaka 1970. Hakuonyesha hata kibanzi cha ubao, wala hakumtaja mtu mwingine aliyezisoma mbao hizo kama alivyodai kuzisoma yeye. Mwaka 1990 mtafiti Oleg Tvorogov wa Leningrad alichapisha maandishi yote pamoja na uchambuzi mrefu, akayalinganisha na vitabu vya Mirolyubov mwenyewe kuhusu dini ya Warusi wa kale. Akakuta mawazo yaleyale na istilahi zilezile. Katika vitabu hivyo, mambo ambayo mbao zinayanena kama siri za makuhani wa kale yanawekwa vinywani mwa vikongwe wa vijiji vya kusini. Tvorogov alihitimisha kwamba maandishi hayo ni ya katikati ya karne ya 20, na kwamba anayeelekea zaidi kuwa mtunzi wake ni Mirolyubov.

Hati mbili zilizopotea

Mtetezi wa Kitabu cha Veles ana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Husema: hata Utenzi wa Vita vya Igor asili yake haipo, mbona mnauamini?

Ni kweli. Utenzi huo, unaoeleza vita vya Mwanamfalme Igor dhidi ya Wapolovtsi, watu wa kuhamahama wa nyika, mwaka 1185, ni fahari ya fasihi ya kale ya Kirusi. Hati yake ya pekee ilikuwa mali ya Kabaila Aleksei Musin-Pushkin, ikachapishwa mwaka 1800, kisha ikateketea katika moto wa Moscow mwaka 1812, Napoleon alipouvamia mji. Kwa zaidi ya karne moja wasomi walibishana. Mfaransa André Mazon alisema ni ya kughushi. Aleksandr Zimin alisema hivyo Moscow miaka ya 1960 na akapata misukosuko kwa kusema.

Aliyelimaliza suala hilo ni mwanaisimu Andrei Zaliznyak, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004. Hakujiuliza iwapo utenzi huo ni mzuri, wala iwapo unaipa Urusi heshima. Aliuliza swali la kiufundi: je, maneno madogo, yale yasiyo na mkazo ambayo huegemea maneno mengine, yamekaa wapi katika sentensi? Katika Kirusi cha karne ya 12 maneno hayo yalikuwa na kanuni kali za mahali pa kukaa, na kanuni hizo zilibadilika kadiri karne zilivyopita. Wataalamu walizigundua baada ya utenzi kuchapishwa, tena baada ya miaka mingi. Utenzi wa Igor unazifuata. Mghushi wa karne ya 18 angelazimika kuwa na maarifa ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa nayo, na asiache hata alama moja kwamba anayo.

Zaliznyak alikipima pia Kitabu cha Veles, na matokeo yakawa kinyume kabisa. Neno moja linaonekana kwa sura nyingi bila sababu yoyote. Viambishi vya mwisho vimepachikwa kana kwamba mtunzi aliamini lugha za kale hazikuwa na sarufi. Hapa sauti ni ya Kipolandi, pale ya Kicheki, mstari unaofuata ya Kiserbia. Kwa msomaji wa Kiswahili, ni kama kuletewa barua inayodaiwa kuandikwa Pate miaka 300 iliyopita, na ndani yake mstari wa kwanza unasema watu wamekuja, wa pili watu kimekuja, wa tatu watu zimekuja. Kipate kina namna zake, Kimvita kina zake na Kiunguja kina zake, lakini hakuna lahaja ambayo ngeli zake hubadilika ovyo kila sentensi. Barua hiyo haikuandikwa na mtu wa Pate wa zama zozote. Iliandikwa na mtu aliyetaka tuione ni ya kale.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Hati ya kweli hufuata kanuni ambazo hata waisomao hawajazijua bado. Hati ya kughushi huvunja kanuni zinazojulikana, na hufuata matakwa ya aliyeitunga.

Udongo wa Novgorod

Wengi wa watetezi husema mbao hizo ziliandikwa Novgorod, mji wa kaskazini. Ni bahati njema kwa wanaoutafuta ukweli, kwa kuwa Novgorod ina udongo wa ajabu: mzito, wenye maji mengi, usiopitisha hewa, unaotunza mti na ngozi kwa karne nyingi.

Tarehe 26 Julai 1951, mfanyakazi wa uchimbaji aliyeitwa Nina Akulova aliokota kipande cha gome la beryoza, mti mweupe wa misitu ya kaskazini, kikiwa kimekwaruzwa herufi. Kilikuwa cha kwanza. Mpaka sasa zaidi ya barua 1,100 za aina hiyo zimefukuliwa Novgorod peke yake: madeni, maagizo ya samaki, ugomvi wa wanandoa, posa, hata mazoezi ya kuandika na michoro ya mtoto wa karne ya 13 aliyeitwa Onfim. Mwanzoni wasomaji waliziona zimejaa makosa. Zaliznyak akaonyesha kwamba hayakuwa makosa. Ilikuwa lahaja ya Novgorod, yenye sifa ambazo hazimo katika Kislavi kingine, nazo hurudiwa barua baada ya barua kwa utaratibu uleule. Kitabu cha Veles hakifuati kanuni za lahaja hiyo, wala za lahaja nyingine yoyote.

Udongo huo umetoa hata mbao zenye maandishi. Julai 2000 wanaakiolojia walikuta mbao tatu ndogo zilizopakwa nta, na juu ya nta hiyo mkono wa mwanzoni mwa karne ya 11 ulikuwa umeandika Zaburi. Hicho ndicho kitabu cha kale kuliko vyote kilichopata kuonekana katika nchi ya Rus, dola ya kale ya Kyiv na Novgorod. Kimepigwa picha, kimepimwa, kinahifadhiwa katika makumbusho, na mtaalamu yeyote anaweza kuomba kukiona.

Yaliyopo kweli

Kinachosikitisha ni kwamba Waslavi hawakuhitaji kutungiwa miungu. Walikuwa nayo, na habari zake zipo, ingawa ni chache na nyingi ziliandikwa na watu walioichukia.

Tarikhi ya kale ya Kyiv inaeleza kwamba mwaka 980 Mwanamfalme Vladimir alisimamisha masanamu juu ya kilima: Perun mwenye kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu, pamoja na Khors, Dazhbog, Stribog, Simargl na Mokosh. Miaka minane baadaye, alipobatizwa, aliamuru Perun afungwe kwenye mkia wa farasi, aburutwe na kutupwa mtoni. Mikataba na Wagiriki ya karne ya 10 inaonyesha askari wa Kirusi wakiapa kwa Perun na kwa Volos, mungu wa mifugo, ambaye ndiye Veles. Huko Rügen, kisiwa cha bahari ya Baltiki, mwandishi Saxo Grammaticus alieleza hekalu la Svantevit, mungu wa vichwa vinne aliyeshika pembe ya kinywaji ambayo kuhani aliitazama ili kutabiri mavuno. Wadenmarki chini ya Mfalme Valdemar walilibomoa mwaka 1168. Hata Utenzi wa Igor, kazi ya zama za Kikristo, unamtaja Veles, Dazhbog na Stribog.

Wafuasi wa imani mpya ya kipagani, ambayo wenyewe huiita Rodnoverie, yaani imani ya jadi, wengi wao hufundishwa jambo jingine. Huambiwa kwamba ulimwengu una sehemu tatu: Yav, ulimwengu unaoonekana, Nav, ulimwengu wa wafu, na Prav, ulimwengu wa miungu na haki. Nav ina msingi wa kweli. Tarikhi ya Kyiv, katika habari za mwaka 1092, inasimulia hofu iliyoingia mji wa Polotsk, watu wakiogopa kutoka nje kwa sababu wafu walikuwa wakizunguka barabarani na kuwapiga. Utatu huo wa Yav, Prav na Nav, hata hivyo, haumo katika chanzo chochote cha zama za kati. Ulitoka kwa Mirolyubov na mbao zake. Mamia ya jamii hutamka maneno hayo katika ibada zikiamini kwamba yamepokewa kutoka kwa mababu.

Watu hao hawafai kudharauliwa. Wengi wanatafuta kitu cha haki: uhusiano na ardhi, na misimu, na wazee waliowatangulia. Wamepewa bidhaa bandia na watu waliojua, au waliopaswa kujua, kwamba ni bandia.

Kwa nini uongo hupata wanunuzi

Ughushi huu una ukoo mrefu. Mwaka 1817 Mcheki Václav Hanka alitangaza kwamba amegundua hati ya mashairi ya kale katika kanisa la Dvůr Králové, na mwaka uliofuata hati nyingine, inayojulikana kwa jina la Zelená Hora, ikatumwa bila jina la mtumaji. Wacheki walikuwa chini ya utawala wa Vienna, na lugha yao ilikuwa imesukumwa pembeni na Kijerumani. Hati hizo zikawapa ushujaa wa kale waliouhitaji, zikaingia katika michoro na muziki wao. Mwaka 1886 mwanaisimu Jan Gebauer alieleza hadharani kwamba lugha yake si ya kale, katika jarida lililohaririwa na profesa Tomáš Masaryk. Wote wawili walitukanwa kuwa wasaliti. Masaryk alishikilia kwamba heshima ya taifa haiwezi kujengwa juu ya uongo, na miaka 32 baadaye Wachekoslovakia wakamfanya rais wao wa kwanza.

Urusi nayo ilikuwa na Aleksandr Sulakadzev, mkusanyaji wa hati wa Saint Petersburg mwanzoni mwa karne ya 19, aliyetunga nyimbo za kipagani na kuchezea hati za kweli. Mojawapo ya hati zake ilidai kwamba Mrusi aitwaye Kryakutnoy aliruka kwa puto huko Ryazan mwaka 1731, kabla ya Wafaransa. Mwaka 1956 Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu ya posta kuadhimisha safari hiyo. Muda mfupi baadaye, uchunguzi wa hati ulionyesha kwamba jina hilo liliandikwa juu ya maneno mengine yaliyofutwa.

Kitabu cha Veles kilirudi nyumbani mwaka 1976, gazeti la Nedelya la Moscow lilipokitangaza kama tarikhi ya siri. Wasomi walijibu, lakini majibu yao hayakuwa matamu kama habari yenyewe. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika, watu walipoteza kwa mkupuo mmoja nchi, itikadi na akiba zao. Soko la vitabu likafunguliwa. Aleksandr Asov akachapisha tafsiri baada ya tafsiri, na kwa kuwa maandishi ya mbao hayana nafasi kati ya maneno, kila mfasiri aliyakata alivyotaka na kupata kisa tofauti na cha mwenzake.

Omsk, huko Siberia, Aleksandr Khinevich alikwenda mbali zaidi. Kanisa lake la Waingling, lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilitoa Veda za Kislavi na Kiarya, zinazodaiwa kutoka kwenye mabamba ya dhahabu yenye umri wa miaka 40,000. Mabamba hayo hayajawahi kuwekwa mbele ya wachunguzi huru. Vitabu hivyo vinafundisha kwamba watu weupe walitoka kwenye nyota na kwamba mataifa mengine ni hatari kwa damu yao. Mahakama ilizivunja jumuiya zake mwaka 2004, yeye mwenyewe akapewa kifungo cha nje mwaka 2009, na baadaye vitabu vyake vikatiwa katika orodha ya serikali ya machapisho ya itikadi kali.

Hapa madhara yanaonekana waziwazi. Hata Kitabu cha Veles, ambacho hakina ukali wa Khinevich, kilitumiwa mapema na Valery Yemelyanov, mmoja wa waasisi wa upagani mpya wa Moscow, kupamba maandishi yake ya chuki dhidi ya Wayahudi. Mtu akishakubali kwamba taifa lake lilikuwa na dhahabu ya hekima iliyofichwa, swali linalofuata ni nani aliyeificha, na wa kunyooshewa kidole hakosekani.

Waliokataa kutoka ndani

Pingamizi muhimu lilitoka kwa wapagani wenyewe. Desemba 2009, miungano miwili mikubwa ya Urusi, Muungano wa Jamii za Kislavi za Imani ya Jadi na Duara la Mapokeo ya Kipagani, ilitoa tamko la pamoja kuhusu upotoshaji wa lugha na historia ya Waslavi. Lilitaja majina: Khinevich, Asov, Aleksei Trekhlebov, Nikolai Levashov, na Valery Chudinov, profesa aliyedai kusoma maandishi ya Kirusi katika mikwaruzo ya mawe ya kale kote duniani. Miungano hiyo ilisema kwamba mafundisho ya watu hao si sayansi, tena yanaiharibia jina imani ya jadi. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, kwa sababu vitabu vya waliotajwa ndivyo vilivyokuwa vimewavuta waumini wengi wapya.

Hukumu basi haina utata. Kitabu cha Veles ni kazi ya karne ya 20, iliyozaliwa katika upweke wa wakimbizi waliopoteza nchi yao, na nafasi yake ya haki ni kwenye rafu ya fasihi ya wakimbizi hao. Anayetaka kumjua Veles aanze na mikataba ya Wagiriki na tarikhi ya Kyiv, asome habari za Rügen, kisha aziendee barua za Novgorod. Atakuta kurasa chache kuliko alizoahidiwa na Asov na Khinevich, na kila moja anaweza kuichunguza kwa macho yake.